Bunduki Nyepesi, Bega Zima: Mwongozo kwa Mwindaji Mwenye Macho Makubwa

Ndugu mwindaji, kibali cha silaha umekipata, akiba yako umeitoa benki, na sasa umesimama mbele ya kaunta ya duka la silaha moyo ukikudunda. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu hapo ndipo swala wengi wanapojeruhiwa. Naam, dukani. Yule mnyama anayetokomea vichakani na risasi ya tumbo huko Simanjiro mwezi wa nane, mara nyingi mkosi wake ulianza miezi kadhaa nyuma, siku mtu mzima alipovimba kifua mbele ya wenzake akasema, "Nipe ile kubwa kuliko zote."

Nitakutania humu ndani, maana mwindaji asiyetaniwa hulewa sifa. Lakini kila ninachokuagiza, kifanye. Haja yetu ni moja tu: risasi ya kwanza ifike inapotakiwa kufika, na mnyama afe upesi. Kila gramu utakayobeba na kila shilingi utakayotoa ipime kwa haja hiyo.

Hatua ya kwanza: Amua kwanza kama wewe ni mtu wa kutembea

Bunduki nyepesi ni ya mtu wa miguu. Ni ya yule anayetoka kambini kabla ya jua, akapanda vilima vya Longido au akakata miombo ya Rungwa, na saa nane mchana bado yuko njiani anafuata kwato. Kulenga na kupiga huchukua sekunde chache; kubeba huchukua kutwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kwa hiyo miguu utaitumia, upende usipende.

Bunduki ya kawaida ya kuwindia, kabla hujaifunga chochote, ina kilo tatu na nusu hadi nne. Iliyo nyepesi ina kilo mbili na robo hadi mbili na robo tatu. Asubuhi tofauti hiyo huisikii. Jioni mkono wako utaijua, na mkono uliochoka hutetemeka wakati wa kulenga. Faida ya wepesi ni hiyo hasa: unafika mbele ya mnyama ukiwa bado na pumzi.

Kama ndoto yako ni nyati, funga ukurasa huu kwa amani. Kwa wanyama hatari Tanzania imeweka kaliba ya .375 kuwa kiwango cha chini, na .375 ya kweli huhitaji bunduki yenye mwili. Mwenye kumfuata nyati na bunduki ya manyoya anahatarisha maisha yake, na ya mfuata nyayo aliye mbele yake pia. Sisi hapa tunazungumzia swala pala, swala granti, ngiri, kongoni, nyamera, na kuro kwa mwenye mkono wa uhakika.

Hatua ya pili: Mkwepe Bwana Magnamu

Dukani utamkuta Bwana Magnamu. Yupo kila mahali. Atakuambia .308 ni ya watoto, kwamba mwanamume hubeba .300 Winchester Magnum, na kwamba yeye alimwangusha kongoni akiwa mbali mpaka alionekana kama mbuzi. Msikilize kwa adabu, mwitikie salamu, kisha fanya hesabu ifuatayo.

Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Ukipiga risasi ile ile kwa bunduki ya kilo 4, kisha kwa bunduki ya kilo 3, nishati ya teke linalokupata begani hupanda kwa theluthi moja. Hujabadilisha baruti wala kichwa cha risasi. Umepunguza uzito tu. Sasa ongeza magnamu. Katika bunduki ya uzito huo huo, .300 Winchester Magnum hupiga teke ambalo nishati yake inakaribia mara mbili ya .308 Winchester. Ukiunganisha wepesi na magnamu, umenunua kitu ambacho bega lako litakikataa ifikapo risasi ya nne, na jicho litaanza kujifumba lenyewe kuanzia ya tano.

Chagua basi miongoni mwa hizi. .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955, ina teke dogo kabisa kati ya hizi na inamfaa swala pala na swala granti, ilmradi hupigi kwa pembe mbaya. 7x57 Mauser ya mwaka 1892 na mjukuu wake 7mm-08 wa mwaka 1980 hurusha kichwa cha takriban gramu 9 kwa mwendo wa wastani, na hutoboa vizuri bila kukuadhibu. .308 ya mwaka 1952 ina nguvu zaidi kidogo, na teke lake bado linavumilika kwa mtu mwenye mazoezi. .270 ya mwaka 1925 na .30-06 ya mwaka 1906 zinampa mwindaji nafasi zaidi kwa mnyama mkubwa kama kuro, lakini katika bunduki ya kilo mbili na nusu zitakukumbusha kila mara kwamba zipo.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa ajili ya bunduki nyepesi, nachukua 7mm-08 au 7x57, na kama nakaa mbali na mji mkubwa, nachukua .308. Sababu ya hilo la mwisho ni ya sokoni. Kaliba mpya ya kupendeza ambayo risasi zake hazipatikani Arusha wala Dar es Salaam ni fimbo ya bei mbaya. Wasafiri nao wakumbuke kwamba mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi. Begi likipotelea njiani, utaomba risasi kambini, na kambini wana zile ambazo kila mtu anazitumia.

Bwana Magnamu akicheka, mpe historia. Mwaka 1907, baada ya Jim Corbett kumuua simba milia mla watu wa Champawat, huko India alizawadiwa bunduki ya Rigby ya .275, ambayo kwa jina la Kijerumani ni 7x57 ile ile. Akaitumia miaka mingi katika kazi ambayo kosa moja lingemgharimu uhai. Mwaka 1947 alihamia Kenya, na kaburi lake liko Nyeri tangu 1955. Naye W. D. M. Bell, Mskochi aliyepewa jina la Karamojo kwa kuwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo wengi kwa kaliba hiyo hiyo ndogo. Wingi ule wa tembo waliouawa kwa ajili ya pembe ni jambo la kuhuzunisha, na leo kumpiga tembo kwa .275 ni kosa la jinai na ni ukatili. Lakini tazama alivyoweza: Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Alijifunza mwili wa mnyama, kisha akapeleka risasi ndogo mahali pake. Bwana Magnamu hajawahi kupasua hata kichwa cha mbuzi kwa nia hiyo.

Hatua ya tatu: Mnase mwoga aliyejificha begani

Kila mtu husema, "Mimi teke silisikii." Wote husema hivyo. Kipo kipimo kisichojua kupendelea, nacho ni rahisi.

Nenda uwanja wa shabaha na rafiki unayemwamini. Mpe risasi zako pamoja na mbili za bandia, zile zisizo na baruti wala fataki, zilizotengenezwa kwa mazoezi. Yeye ndiye aijaze bunduki, wewe ukiwa umegeuka pembeni, usijue ipi itakuja lini. Lenga kama kawaida, vuta triga. Ikija ya kweli, mlipuko na teke huficha kila kitu. Ikija ya bandia, utasikia "ka!" tu, na hapo ukweli hutoka hadharani: mtutu umeinama chini ghafla, bega limejitupa mbele, taya limekazana na jicho moja limefumba kama linangoja kofi. Rafiki yako ameyaona yote. Mwache acheke, amekufanyia hisani.

Ule mtikisiko mdogo ndio unaoipeleka risasi tumboni badala ya kifuani. Kwa umbali wa mita 100, mtutu ukiinama kwa digrii moja tu, risasi inapotea kwa mita moja na robo tatu. Huo si upungufu wa kaliba wala wa darubini, na hakuna kifaa dukani cha kuutibu. Dawa yake ni kaliba unayoimudu, kinga nzuri ya masikio, maana mlipuko hushtua kuliko teke, na mazoezi mengi ya triga tupu nyumbani baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu. Rudia kipimo cha risasi bandia hadi msalaba wa darubini ubaki umetulia juu ya shabaha triga ikidondoka. Ukishindwa baada ya mazoezi ya kutosha, shuka kaliba moja. Swala hatakudharau.

Hatua ya nne: Nunua darubini, usinunue chombo cha kutazamia mwezi

Hapa ndipo watu wenye akili zao hupotea. Mtu amelipa fedha nyingi kupunguza kilo moja kwenye bunduki, halafu anaifunga darubini ya ukuzaji wa mara 5 hadi 25, lenzi ya mbele milimita 56, uzito karibu kilo nzima. Tupige hesabu pamoja. Bunduki kilo 2.6, darubini ya kawaida ya mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, gramu 350, pete zake gramu 120, mkanda gramu 130, risasi nne gramu 100. Jumla kilo 3.3, mzigo wa mtu anayetembea. Badilisha darubini tu, uweke ile ya kilo moja, na umefika kilo 3.95. Wepesi ulioununua kwa fedha taslimu umeurudisha dukani bila kurudishiwa pesa, na sasa uzito wote umekaa juu, bunduki inataka kupinduka mikononi.

"Lakini lenzi kubwa huleta mwanga," atasema Bwana Magnamu, ambaye bado hajaenda nyumbani. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, ugawe kwa ukuzaji. Jibu ni upana wa mwale wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 40 kwenye ukuzaji wa mara 6 inatoa karibu milimita 6.7. Mboni ya jicho la mtu mzima kwenye mwanga hafifu hutanuka takriban milimita 5 hadi 7, na kadiri umri unavyosogea inapungua. Mwale mpana kuliko mboni humwagika nje. Kwa hiyo alfajiri na magharibi, ukuzaji wa mara 4 hadi 6 na lenzi ya milimita 40, au hata 36, unakupa mwanga wote ambao jicho lako linaweza kuupokea. Baada ya hapo ni usiku, na kuwinda usiku sheria imekataza.

Ukuzaji mkubwa una hila nyingine mbili. Unakuza swala, unakuza pia mapigo ya moyo wako, msalaba ukacheza ngoma juu ya mnyama mpaka ukakata tamaa. Tena unabana upana wa unachokiona: kwenye mara 3 utaona takriban mita 10 au zaidi kwa umbali wa mita 100, kwenye mara 25 utaona kama mita moja na nusu tu. Jaribu kumtafuta ngiri anayetembea kichakani kwa tundu la mita moja na nusu. Atafika shimoni mwake wewe bado unachunguza jani la mgunga.

Kanuni yangu ni hii: mara 2 hadi 7, au 3 hadi 9, inatosha kwa kila mnyama niliyemtaja. Ukitembea, iache kwenye ukuzaji wa chini kabisa. Mnyama akitokea mbali na ametulia, nafasi ya kuipandisha utaipata. Akitokea karibu, nafasi ya kuishusha hutaipata. Chagua msalaba ulio wazi na mnene kiasi, unaoonekana juu ya manyoya ya kahawia kwenye kivuli. Fedha uliyookoa kwa kuacha ukuzaji mkubwa ipeleke kwenye ubora wa kioo na uimara wa mitambo ya ndani.

Jambo moja kwenye bunduki nyepesi usilifanyie mzaha hata kidogo, nalo ni umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma. Tafuta darubini inayokupa angalau sentimita 9. Bunduki nyepesi hurudi kwa kasi, na ukiwa umelala ukilenga juu mlimani, uso wako unasogea mbele bila wewe kujua. Wanaowinda muda mrefu utawatambua kwa alama ya nusu mwezi juu ya nyusi ya kulia: ukingo wa darubini uliwabusu siku ile, damu ikaingia jichoni, na mnyama akaondoka taratibu. Kabla ya kukaza pete, vaa nguo zako za porini, fumba macho, pandisha bunduki begani, fumbua. Kama huoni duara zima la mwanga bila kuvuta shingo, sogeza darubini, usisogeze shingo.

Hatua ya tano: Heshimu skrubu, kisha uzero

Darubini nyingi zinazolaumiwa kwamba "zimekufa" hazina kosa. Skrubu zake zimelegea. Barabara zetu za vumbi zenye matuta kama bati hutingisha gari kutwa nzima, na bunduki iliyolala kwenye sakafu ya Land Cruiser inapokea kila mtikisiko. Safisha mafuta kwenye matundu, kaza skrubu kwa zamu na kwa kipimo alichotaja mtengenezaji, weka alama ndogo ya rangi ili ukiona imehama ujue. Vifuniko vya lenzi vibaki vimefungwa mpaka ushuke garini, na vumbi lipulize kwanza kabla ya kufuta, usije ukasugua kioo kwa mchanga.

Kuzero, yaani kuoanisha msalaba na mahali risasi inapotua, anza kwa mita 25, hadi risasi ziguse karatasi karibu na kitovu, ndipo uende mita 100. Piga tatu, pima kitovu cha kundi lile, rekebisha. Kwenye darubini nyingi za kuwindia kliki moja husogeza risasi takriban milimita 7 kwa mita 100. Kundi likiwa chini kwa sentimita 7, panda kliki 10. Mtutu mwembamba hupata moto upesi, na ukipata moto makundi hutawanyika. Baada ya risasi tatu simamisha bunduki kivulini, bolti wazi, unywe chai. Risasi inayohesabika porini ni ile ya mtutu wa baridi, kwa hiyo iamini zaidi ile ya kwanza ya kila kundi.

Ukizero .308 kwa mita 200, itapiga sentimita 4 au 5 juu kwa mita 100, na itashuka kama sentimita 20 kwa mita 300. Maana yake, hadi mita 200 na ushee unalenga katikati ya kifua bila kukokotoa chochote. Ukifika kambini, piga tena risasi moja au mbili kwenye karatasi kabla ya kumtazama mnyama yeyote. Anayeona aibu kufanya hivyo atajutia wiki nzima.

Hatua ya sita: Jua kifua kiko wapi, na wapi uwezo wako unaishia

Nunua risasi ya kuwindia yenye kichwa kinachotanuka na kubaki kizima, ile iliyounganishwa vizuri au ya shaba tupu, iliyo nzito kiasi kwa kaliba yake. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bunduki, lakini ndiyo pekee inayomgusa mnyama.

Swala akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama kwenye theluthi ya chini ya kifua. Moyo na mapafu ya wanyama wetu vimekaa mbele zaidi, katikati ya mabega, kuliko anavyodhani mgeni. Anayelenga "katikati ya mnyama" analenga tumbo. Wafuata nyayo wanalijua hili kuliko sisi sote. Kijana akisema amempiga, mzee huuliza kwanza:

"Umempigia wapi, mwanangu?"

"Nadhani begani, mzee."

"Nadhani haitoki damu. Niambie msalaba ulikuwa wapi triga ilipodondoka."

Jiandae kulijibu swali hilo kabla hujaondoka nyumbani. Chukua sahani ya karatasi ya sentimita 20. Piga risasi tano kutoka kila mkao utakaoutumia: ukiwa umekaa, ukiwa umepiga goti, ukiegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja kuwa kiegemeo. Umbali wa mwisho ambao zote tano zimeingia kwenye sahani ndio mpaka wako kwa mkao huo. Kama ni mita 120, basi wewe ni mwindaji wa mita 120, na swala wa mita 180 ni wa kutazama au wa kunyatia. Mpaka huo hauongezeki kwa sababu mnyama ana pembe nzuri, wala kwa sababu Bwana Magnamu anakutazama.

Ukijeruhi, unafuata. Unafuata hadi giza, na asubuhi unarudi pale alama ya mwisho ilipoachwa. Mgeni wa uwindaji wa kitalii humlipia aliyejeruhiwa kama aliyeuawa, na ni haki. Na wewe mwenyeji mhesabu hivyo hivyo hata pasipo wa kukuona, kibali chako kimekwisha kwa mnyama yule.

Gawa basi bajeti yako namna hii: bunduki nyepesi ya kaliba ya wastani, darubini ndogo yenye kioo kizuri, pete imara, na fedha yote iliyobaki nunua risasi. Nyingi kati ya hizo zimalizikie kwenye karatasi. Bwana Magnamu akikuuliza dukani umenunua kaliba gani, mjibu bila kuona haya, kisha mwalike uwanjani, mwambie alete bunduki yake, na umpe rafiki yako zile risasi mbili za bandia.